Chuma Kikilia Kina Kiu

Ijumaa ile, kabla ya adhana ya adhuhuri, Fundi Ali alipaka mafuta mahali pasipopakwa mafuta, na hakujua. Angejua, angekwenda msikitini na moyo mweupe kama kanzu yake, na sisi tungekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya Watiri, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo aliyezunguka nyumba kwa nyumba ng'ambo ya mto Chania na mkoba wa buluu mgongoni, akipima presha za wazee na kuwasaka watoto waliokosa chanjo. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umempa yeye na wenzake kumi na tisa baiskeli za mlimani, zenye magurudumu manene na gia nyingi kuliko akili ya mtu inavyohitaji. Kuzitunza alipewa Ali. Kila Ijumaa wahudumu walipokuja mjini Nyeri kuleta ripoti, walipitia kibandani kwake Majengo, naye akaosha cheni, akanyoosha spoku, akajaza upepo na kukaza kilicholegea. Ilikuwa riziki ya kwanza ya uhakika kumfikia kwa miaka mingi, kwa sababu siku hizi kila mtu hupanda bodaboda, na baiskeli zimebaki kwa wauza maziwa na wakaidi.

"Fundi, hii breki inaniaibisha," Watiri alisema, akiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kibanda. "Tangu mvua ianze, nikiishika inalia kama nguruwe, uniwie radhi. Nikishuka kule chini watoto wanatoka mbio kuniangalia. Jana nimefika kwa mzee mmoja ako na presha, nikisimamisha hivi, akaruka kwa kiti. Nikapima, presha imepanda. Sasa hiyo ni presha yake ama ni yangu?"

Ali alicheka. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akashika breki, akafumba macho. Watu wa Majengo walimjua: Ali akifumba macho, usimsemeshe. Alikuwa fundi wa sikio. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ametambua gololi iliyopasuka kwa kusikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza kifua. Na alikuwa na neno moja alilorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, ambalo hakulibadilisha wala kulitilia shaka: chuma kikilia kina kiu. Pedali ikilia, mafuta. Cheni ikilia, mafuta. Zile baiskeli nyeusi nzito za zamani, ambazo breki zake ni fito za chuma, kila kiungo chake kilipolia kilinyweshwa kikanyamaza.

Basi akachukua kopo lake lenye mdomo mrefu. Mafuta yake mwenyewe hayo, aliyoyachuja kwa kipande cha leso kuukuu ya mkewe. Akatafuta kilio kilipotoka, akakipata kwenye ile sahani nyembamba ya chuma yenye matundu, katikati ya gurudumu, ambayo breki huibana. Akaidondoshea matone manne, huku na huku, akaizungusha. Kisha gurudumu la nyuma vilevile.

"Jaribu," akasema.

Watiri aliendesha mpaka kwa muuza makaa na kurudi. Hapo ni tambarare, na mtu akienda pole husimamisha baiskeli hata kwa kiatu. Breki haikulia hata kidogo.

"Fundi, wewe ni daktari."

Mwenzake Ngendo, aliyekuwa akingoja pikapu ya kurudi Chaka, akasukuma yake mbele. "Na yangu pia uinyamazishe. Inaniamshia mbwa wote wa Kieni."

Ali akainyamazisha na ya Ngendo. Adhana ilipoanza, alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa kanzu, na akaondoka ameridhika na kazi yake.

Saa tisa, Gathogo wa bodaboda alifika na baiskeli ya Watiri imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki yake. Usukani ulikuwa umepinda, na kiti kilikuwa kimejaa matope.

"Mama wa afya ameanguka," alisema. "Hapo kwa mteremko wa Chania. Alipita mimi kama mshale, miguu chini, viatu inatoa moshi karibu. Akaona ng'ombe kwa daraja, akajitupa kwa mtaro. Mkono imevunjika. Tumempeleka hospitali. Akasema hii iletwe kwako, ati wewe utajua kuinyoosha."

Ali alisema innalillahi, akakaa kwenye kigoda chake. Binti yake Raudha, aliyekuwa na meza yake ya viazi karai hapo kando, alizima jiko akaja. Msichana huyu alikuwa na miaka ishirini na tabia ya kuangalia kitu kabla ya kukizungumzia, tabia ambayo hakuirithi kwa baba yake. Aliinama, akaishika breki, akazungusha gurudumu. Likazunguka. Akaikaza breki kwa nguvu zote, akalisukuma tena. Likazunguka. Akapitisha kidole kwenye ile sahani, akakinusa.

"Baba, hapa umepaka mafuta?"

"Ilikuwa inalia."

"Hapa kwenyewe? Kwa diski?"

"Sasa ningepaka wapi, kwa kengele?"

Raudha alikwenda kwenye meza ya kazi, ile yenye jiriwa, kile kibanio cha vyuma, akapiga magoti. Chini ya mguu mmoja wa meza palikuwa na kijitabu kilichokunjwa mara mbili ili meza isitikisike. Alikivuta, meza ikalala upande, spana mbili zikaanguka. Kilikuwa kitabu cha zile baiskeli. Moffat, msimamizi wa mradi, alimkabidhi Ali kitabu hicho siku ya kwanza mbele ya wahudumu wote, na wiki iliyofuata akamuuliza, mbele yao vilevile, kama amekisoma. Ali akasema amekisoma. Kiswahili alikisoma vizuri, na Kurani aliisoma bila kusitasita, lakini Kiingereza kilikuwa kimempita mbali. Raudha alijitolea kumsomea mara mbili. Mara ya pili Ali alimwambia, "Nilianza kazi hii kabla mama yako hajanijua. Baiskeli ni baiskeli."

Sasa Raudha alifungua ukurasa wenye duara la matope la mguu wa meza. Palikuwa na picha ya ile sahani yenye matundu. Juu yake, picha ya tone la mafuta. Juu ya tone, alama nyekundu ya kukataza, kubwa, inayoonekana na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

Picha ile haikuhitaji Kiingereza. Mtoto wa chekechea angeielewa. Ali aliitazama mpaka macho yakamwuma, na kitu cha kwanza alichohisi, kabla hata ya huruma, kilikuwa aibu, maana ndivyo tulivyo.

"Breki hii hushika kwa kukwaruza," Raudha alisema polepole. "Ikiwa na mafuta inateleza. Ikilia kwa sababu ya mvua, inalia tu. Inafanya kazi."

"Ngendo," Ali akasema, akasimama wima. "Nimefanya na ya Ngendo."

Alimpigia. Simu iliita mpaka akadhani haitashikwa.

"Fundi?" Ngendo alijibu. "Ndio nashukishwa Chaka, pikapu ilichelewa kutoka. Ni nini?"

Ali alifungua kinywa aseme. Watu wawili walikuwa wakingoja viazi mezani kwa Raudha, na Gathogo alikuwa bado hapo akikunja kamba zake.

"Usiiendeshe," alisema. "Kuna nati sijakaza vizuri. Isukume tu mpaka nyumbani. Usiipande hata kidogo."

"Nati? Sawa, nitaileta Jumatatu kwa mitingi."

Alikata simu. Raudha alikuwa akimtazama.

Hospitalini alimkuta Watiri ameketi kwenye benchi la varanda, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, sketi imechanika pindoni. Soli za viatu vyake zilikuwa zimelika upande mmoja. Ali alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alikuwa na sentensi ya kwanza na ya pili.

Watiri alimtangulia. "Fundi, unisamehe. Umetengeneza kitu ikakuwa mzuri, na mimi nimeharibu siku hiyo hiyo. Niliogopa ule mteremko. Nafikiri nilishika breki nikiwa nimechelewa. Ama sikushika. Hata sijui. Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Usiseme hivyo, mama."

"Ni ukweli. Watu walisema mama wa miaka kama yangu aende kwa miguu. Usinikasirikie."

Zile sentensi mbili zikampotea. Kabla hajazitafuta, Moffat alitokea na simu mkononi na beji shingoni, kijana mwenye haraka lakini si mbaya, mwenye wakubwa wake wa kuwaandikia.

"Fundi, afadhali umekuja. Umeiona baiskeli? Inatengenezeka?" Bila kungoja jibu akamgeukia Watiri. "Pole sana, mama. Lakini unajua hii ni mali ya mradi. Lazima niandike ripoti. Kama mtu hawezi kui-control, tunapatia mwenye anaweza. Kwanza si makosa, ni mambo ya usalama wako. Jumatatu kwa mitingi tutasema ni nani ataichukua."

"Na zile nyumba zangu?" Watiri aliuliza. "Nyumba tisini na nne, Moffat. Kwa miguu sitazimaliza."

"Tutaona vile tutazigawa."

Watiri aliangalia viatu vyake. Ali pia aliviangalia. Kisha akasema ana baiskeli ya mtu inayomngoja, jambo lisilo la kweli, akaondoka.

Nyumbani, Mishi mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akichambua mchicha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mzaliwa wa Majengo hiyo hiyo, aliyezika watu wengi na kuficha siri nyingi za watu.

"Watiri atapona?" aliuliza.

"Wiki sita."

"Na huyu wa Chaka?"

"Hataipanda. Nimemwambia kuna nati."

"Basi Mungu amekusitiri," Mishi alisema. "Amekusitiri, Baba Raudha, na wewe unataka kujivua nguo sokoni? Kaitengeneze baiskeli ya mama wa watu bure. Mpelekee unga, mpelekee sukari. Mwombee. Lakini ukisimama mbele ya wale watu useme fundi Ali hajui breki, ni nani atakuletea hata baiskeli ya mtoto? Umri huu utakwenda kufanya nini, kuuza njugu?"

Tusimlaumu Mishi. Sitara ni kitu kikubwa, na mtu aliyeishi mahali ambapo kila jirani anajua bei ya sufuria yako huijua thamani yake. Kazi ya mradi ndiyo iliyowalipia kodi ya nyumba tangu Machi, ndiyo iliyokuwa impeleke Raudha chuo Septemba. Moyoni Ali alijaribu kukubaliana na mkewe, na karibu afaulu.

"Mama," Raudha alisema kutoka mlangoni, "Watiri amemwomba Baba msamaha."

Mishi aliacha kuchambua. Alimtazama mumewe. "Kweli?"

"Kweli."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema asiseme hivyo."

Mishi alirudi kwenye mchicha wake. Hakumshauri tena lolote, na hilo lilikuwa baya kuliko ushauri.

Mkutano wa Jumatatu ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa karibu na soko. Wahudumu kumi na wanane walikuwa wameegemeza baiskeli zao ukutani, na Ngendo alikuwa ameisukuma yake kutoka stendi, mtiifu. Watiri aliketi safu ya nyuma, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Moffat alikuwa amefikia mambo ya mali za mradi pale Ali alipoingia akisukuma baiskeli ya Watiri, usukani ameshaunyoosha, na kijitabu kwapani.

"Fundi, mambo ya kutengeneza tutafika baadaye," Moffat alisema. "Keti kidogo."

"Nikiketi sitasimama tena," Ali alisema. Aliisogeza baiskeli mpaka mbele ya Moffat. "Shika breki."

"Nini?"

"Shika. Zote mbili. Kwa nguvu zako zote."

Moffat akashika, akitabasamu kwa watu kama anayemvumilia mzee. Ali akaweka kiganja kimoja nyuma ya kiti, akasukuma. Baiskeli ikaenda. Ikaenda na Moffat ameikaza breki mpaka vifundo vya vidole vimemtoka, akivutwa hatua kwa hatua kuelekea madhabahuni, na tabasamu lake likaishia njiani. Mtu mmoja alianza kucheka akanyamaza.

"Hakuna breki hapa," Ali alisema. "Niliiondoa mimi, Ijumaa, saa sita. Nilipaka mafuta kwa diski. Ilikuwa inalia, mimi nikaipaka mafuta, kwa sababu tangu nianze kazi, chuma kikilia napaka mafuta. Huyu mama hakuogopa mteremko. Alishika breki vile ulivyoshika wewe. Na ya Ngendo ni hivyo hivyo. Hakuna nati, Ngendo. Nilikudanganya."

Ngendo aliigeukia baiskeli yake ukutani, akaitazama.

"Lakini ulisema umesoma kitabu," Moffat alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona ripoti yake ikibadilika. "Nilikuuliza, mbele ya hawa watu wote."

"Ndiyo maana nimekuja mbele ya hawa watu wote. Sikukisoma. Sijui Kiingereza. Nilikiweka chini ya mguu wa meza." Akakitoa, akakifungua, akawaonyesha ile picha na duara la matope juu yake, akikizungusha ili kila safu ione. "Hata picha sikutazama. Si yeye wa kunyang'anywa baiskeli. Kama kuna mtu wa kunyang'anywa, ni mimi."

Watiri alisimama. Ali aligeuka kumkabili, akitarajia nini, hata yeye hakujua. Labda neno la upole. Tulio wengi hutarajia hivyo tukishasema ukweli, kana kwamba ukweli ni deni tulilowakopesha watu.

"Nilikuomba msamaha," Watiri alisema. "Nikiwa na mkono imevunjika, nilikuomba msamaha. Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku tatu nimejiambia mimi ni mjinga. Nimeambia watoto wangu sitapanda tena, mama yenu ni mwoga. Mkono ningekusamehe hapo hapo, fundi. Hizo siku tatu, sijui."

Akaketi. Hakuna aliyemtetea Ali, na hakustahili kutetewa. Moffat alisema baiskeli itabaki kwa Watiri, hilo limekwisha, na kwamba kwa sasa mradi utatafuta fundi wa kutoka Nanyuki, wa hizi baiskeli za kisasa. Aliyasema bila ukali. Alipomaliza akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ungeniambia tu, mzee. Ningekusomea."

Ali alirudi Majengo kwa miguu. Mishi alimkuta mlangoni akivua viatu.

"Umesema?"

"Nimesema. Kazi imekwenda."

Mishi alitupa kitambaa cha jikoni begani. "Basi njoo ule," alisema, "chakula kinapoa."

Ijumaa sita zikapita. Wahudumu hawakupitia tena kibandani, ila Ngendo, aliyekuja siku moja kula viazi na kumwambia Ali kwamba angalau nati zake zote zimekaza. Wauza maziwa walimcheka wiki mbili, kisha wakachoka. Ali aliagiza pedi mpya za breki kutoka Nairobi kwa pesa zake, jozi nne, zikaja na basi kwenye bahasha ndogo ya kahawia. Jozi mbili alizipeleka Chaka. Mbili alizitundika msumarini, na hakumwambia mtu ni za nani. Septemba ilifika na Raudha bado alikuwa mezani kwake akikaanga viazi, na hakulitaja jambo hilo hata mara moja.

Ijumaa ya saba ilinyesha. Watiri alitokea kona ya muuza makaa akisukuma baiskeli, mkono hauna plasta, mwembamba kuliko mwenzake. Alifika, akaiegemeza kwenye ile nguzo.

"Mtu wa Nanyuki anakuja mara moja kwa mwezi," alisema, bila salamu. "Yangu haijafikiwa. Na niko na watoto kule chini hawajapata chanjo."

Ali alisimama kutoka kwenye kigoda. "Nitaitengeneza. Kama wewe utakubali."

"Si ndio maana nimekuja?"

Ali alitungua bahasha. Kisha, mbele ya Watiri, na mbele ya wauza maziwa wawili waliokuwa wakingoja pancha zao, aliita, "Raudha, njoo unisomee."

Raudha alipangusa mikono, akachukua kijitabu, ambacho sasa kilikaa kwenye rafu, na meza ilikuwa imewekewa kigae. Alisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, akasema kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Ali alifuata. Alifungua breki, akazitoa pedi zilizolowa mafuta, akazitupa. Alisugua sahani kwa spiriti na kitambaa kipya, akasugua tena. Mara mbili alisimama akauliza, "Hapo inasema nini?" na Raudha akarudia. Mmoja wa wauza maziwa alimkonyeza mwenzake. Ali aliona, akaendelea.

Alipomaliza, alimwambia Watiri ashike breki. Akaweka viganja vyote viwili nyuma ya kiti, akasukuma kwa uzito wake wote. Baiskeli haikusogea hata inchi.

"Sasa endesha hapa tambarare."

Watiri alienda mpaka kwa muuza makaa, akashika breki kwenye maji ya mvua. Ikapiga yowe lililogeuza vichwa vya watu mpaka upande wa soko. Ali alijikunja kama aliyechomwa sindano.

"Bado inalia," Ali alisema Watiri aliporudi. "Ni mvua. Kitabu kinasema tuiache. Naweza kujaribu kui..."

"Wacha ilie," Watiri alisema. Alifunga mkoba wake wa buluu vizuri mgongoni. "Usiiguse. Nataka kuisikia."

Alimtazama Ali, kwa mara ya kwanza siku hiyo, usoni. Hakusema amemsamehe, na Ali hakuuliza. Watiri alipanda, akashika njia ya Chania.

Ali aliacha spana zake chini na wateja wakamwona akimfuata kwa miguu, bila kofia, kwenye manyunyu, mzee mzima akitembea haraka mpaka pale barabara inapoinama. Hapo akasimama, akafumba macho. Breki ililia kwenye kona ya kwanza. Ikanyamaza kidogo, na moyo wake ukasimama nayo, kisha ikalia tena, chini zaidi, na tena, ikizidi kuwa ndogo. Alingoja mpaka aliposikia kilio cha mwisho kule chini kabisa, darajani. Ndipo akafumbua macho.